Kiungo Kisichofika Tabora

Fungua folda iitwayo majina kwenye kompyuta ya Windows, bofya kazeh, na badala ya maelezo ya mji wa Tabora unakutana na mstari mmoja tu: ../vituo/tabora. Hakuna ramani, hakuna picha, hakuna dondoo za wasafiri. Kwenye kompyuta ya jirani yenye Linux, hazina ile ile iliyochotwa asubuhi ile ile inafunguka na kila kitu kipo. Wa kwanza ataapa kwamba mwenzake ameharibu kazi, naye mwenzake ataapa kwamba hakugusa kitu. Kila mmoja anasema kweli kuhusu anachokiona.

Mfano huu ni wa hazina ambayo mpenzi yeyote wa historia ya Tabora angeweza kuianzisha: kumbukumbu za njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa, Kilimatinde na Tabora hadi Ujiji, zikitunzwa katika Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili, ili watu kadhaa wazihariri bila kufutiana. Kazi ya aina hiyo inaalika tatizo hili, kwa sababu mahali pamoja pana majina mengi. Wasafiri Burton na Speke walipofika Novemba 1857 waliandika Kazeh. Stanley, aliyefika mwaka 1871, anaizungumzia Unyanyembe, na ndani yake Tabora na Kwihara. Ramani za Wajerumani zina Mpapua na Udjidji. Mtu akianza kupanga mafaili atatamani kila kituo kiwe na folda halisi moja ndani ya vituo, na majina mengine yote yakae ndani ya majina kama viungo vinavyoelekeza huko. Kwa macho mpangilio huo unapendeza: jina lolote utakaloligonga linakufikisha mahali pamoja, na hakuna faili lililorudiwa.

Hitilafu za viungo hivi zinaonekana nyingi na za kila namna, lakini karibu zote zina chanzo kimoja, na anayekijua haachi kazi yake mikononi mwa kubahatisha. Zaidi ya hapo, nina shaka kubwa kama kiungo ndicho chombo kinachofaa kwa majina ya kihistoria. Hilo nitalifikia.

Simlinki, yaani kiungo cha aina hii, ilienea katika ulimwengu wa Unix kupitia toleo la 4.2BSD la mwaka 1983. Ndani yake hamna chochote cha kule inakoelekeza. Mna maandishi ya njia, basi. Mfumo wa kompyuta unapokutana nayo unasoma maandishi hayo, unayafuata, na ukifika unakufungulia kilichopo. Kama hakipo, unakupa hitilafu. Git, aliyoianza Linus Torvalds Aprili 2005, inauheshimu ukweli huo kwa ukali: inapohifadhi kiungo inahifadhi yale maandishi kama yalivyo, pamoja na namba ya aina, 120000. Faili la kawaida lina 100644, na programu inayotekelezwa ina 100755. Ukiamuru git ls-tree -l HEAD majina/ utaona namba hizo, na pembeni yake ukubwa kwa baiti. Kiungo cha kazeh kitaonyesha 15, kwa kuwa ../vituo/tabora ina alama 15. Hata folda ya tabora ikijaa picha za gigabaiti mbili, kiungo kinabaki baiti 15.

Kwa hiyo swali la kwanza, kila kiungo kinapogoma, ni hili: nani anayasoma maandishi haya, amesimama wapi, na kwa mfumo gani? Ni kama kumwambia mgeni wa Tabora kwamba akate kulia baada ya mwembe; maneno hayana maana mpaka ujue amesimama wapi.

Tuanze na kusimama. Njia isiyoanza na mkwaju huhesabiwa kutoka kwenye folda ambamo kiungo chenyewe kimekaa. Haihesabiwi kutoka pale ulipokuwa wakati unakitengeneza. Hapa ndipo wengi huanguka, hata waliozoea. Mtu yuko juu kabisa ya hazina, anaandika ln -s vituo/tabora majina/kazeh, na amri inapita bila malalamiko yoyote, maana ln haichunguzi kama mwisho wa njia upo. Kiungo kimezaliwa kikiwa kimekufa: kitatafuta folda ya vituo ndani ya majina, ambako haipo. Iliyo sahihi ni ln -s ../vituo/tabora majina/kazeh. Anayetumia ln ya GNU anaweza kuongeza herufi r, ikawa ln -sr vituo/tabora majina/kazeh, na programu itapiga hesabu ya nukta zile yenyewe. Mimi naipendelea hiyo, kwa kuwa hesabu ya nukta ndiyo inayotukosesha.

Njia inayoanza na mkwaju ina ubaya wake mwingine. Kiungo kinachosema /home/mimi/njia-kuu/vituo/tabora kitafanya kazi miaka mingi kwenye kompyuta iliyokizaa na hakitafanya kazi hata siku moja penginepo, kwa sababu Git haitabadilisha herufi ndani yake. Mtunzaji mwenyewe ndiye wa mwisho kugundua. Wengine wote wanaona kasoro tangu saa ya kwanza, wakidhani ni kompyuta zao.

Kuhamisha nako kunavunja. Amri ya git mv hukihamisha kiungo bila kuyagusa maandishi yake. Ukichukua majina/kazeh ukakipeleka majina/karne-ya-19/kazeh, nukta zilizokuwa zinatosha sasa zimepungua hatua moja. Hali kadhalika ukibadilisha jina la folda inayoelekezewa: vituo/tabora ikiwa vituo/tabora-mjini, viungo vyote vya Kazeh na Unyanyembe vinabaki vikiita jina ambalo halipo, na Git haina la kusema, kwani kwa upande wake viungo vyenyewe havijabadilika. Kabla ya kuhifadhi badiliko la namna hiyo, amri ya find . -xtype l kwenye Linux huorodhesha viungo vyote visivyofika. Ikirudi kimya, uko salama kwa upande huo.

Sasa mfumo, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo penye kesi nyingi. Windows inavyo viungo vya aina hii, lakini kwa muda mrefu ilivitaka viundwe na mtu mwenye ruhusa za msimamizi. Tangu mwaka 2017 Windows 10 iliruhusu mtumiaji wa kawaida kuviunda iwapo amewasha hali ya wasanidi programu katika mipangilio. Git ya Windows nayo, inaposakinishwa, ina kisanduku cha kuruhusu viungo, na kwa kawaida kisanduku hicho hakijatiwa alama. Wengi wetu tunasakinisha kwa kubonyeza endelea, endelea, endelea. Matokeo yake Git inaweka mpangilio wa core.symlinks kuwa false, na wakati wa kuchota hazina, kila kiungo kinaandikwa kama faili dogo la maandishi lenye ile njia ndani yake. Ndicho alichokiona yule wa kwanza.

Kinachochosha ni kwamba Git hupima uwezo wa kompyuta wakati wa kuchota, na ikiona haiwezi inaliandika jibu ndani ya hazina yenyewe, kwenye faili la .git/config. Ukiwasha hali ya wasanidi baadaye, ukasakinisha Git upya ukiwa umekitia kisanduku alama, hazina ya zamani inaendelea kutii maandishi yake ya zamani. Mtu anaamua dawa haifanyi kazi. Ulizia kwanza: git config --show-origin core.symlinks itakuambia thamani na faili ilikotoka. Kisha git config core.symlinks true ndani ya hazina, futa mafaili madogodogo yaliyojifanya viungo, na git checkout -- majina itavirudisha vikiwa viungo vya kweli. Kama hamna kazi isiyohifadhiwa, kuchota hazina upya ni haraka zaidi.

Windows ina upekee mwingine: inatofautisha kiungo cha faili na kiungo cha folda, na aina huamuliwa siku kinapoundwa. Git huandika mafaili kwa mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo majina hutangulia vituo. Wakati kiungo cha kazeh kinaundwa, folda ya tabora bado haijafika kwenye diski, na hakuna wa kuuliza kama ni folda au faili. Git ya Windows hujaribu kurekebisha lengo likishafika, lakini njia ya uhakika ni kutamka wazi katika faili la .gitattributes, kwa mstari wa majina/* symlink=dir. Mstari mmoja huo unaokoa mabishano mengi.

Mpaka hapa aliyeumia ni mwenye Windows peke yake. Tatizo kubwa huanza pale anapohariri. Analiona faili kazeh lina mstari mmoja, anagundua njia imeandikwa vibaya, anaisahihisha kwa nia njema na kuhifadhi. Programu ya kuhariri maandishi, kama ilivyo desturi ya programu hizo, inaongeza alama ya mstari mpya mwishoni. Git inakumbuka kuwa hicho ni kiungo, inabakiza namba 120000, na kuhifadhi maandishi pamoja na ile alama isiyoonekana. Kwenye Linux kiungo sasa kinatafuta folda ambayo jina lake ni tabora na mstari mpya. Hakuna folda kama hiyo duniani. Ukilisoma jina kwenye skrini utaona ni sahihi kabisa, herufi kwa herufi, na utapoteza nusu siku. Dalili iko kwenye ukubwa: 15 imekuwa 16. Dalili nyingine iko kwenye git diff, ambayo kwa kiungo chenye afya huandika chini kwamba hakuna mstari mpya mwishoni mwa faili. Onyo hilo linaloonekana kama kasoro ndilo hali njema. Likitoweka, kuna mtu amehariri kiungo kama maandishi.

Akilihamisha faili hilo kwa kipanya na kuliongeza upya kwa jina jingine, hali inakuwa mbaya kwa namna tofauti. Git haina tena kumbukumbu kuwa njia hiyo mpya ilikuwa kiungo, hivyo inalisajili kama faili la kawaida, 100644. Kuanzia hapo hata wenye Linux wanapata maandishi matupu. Git status inaweza kusaidia upande wa pili: ikiandika typechange mbele ya jina, maana yake kitu kilichokuwa kiungo sasa ni faili, au kinyume chake. Neno hilo likitokea kwenye orodha ya mabadiliko usiyoyafanya, usihifadhi mpaka ujue sababu.

Wengi wetu hatupokei kazi kwa mtandao tu. Hazina husafiri kwa fleshi kutoka ofisi hadi ofisi, na fleshi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, mifumo isiyojua viungo kabisa. Ukinakili folda kutoka Linux kwenda humo, kila kiungo kitakataliwa kwa ujumbe kwamba tendo hilo haliruhusiwi, na mtu mwenye haraka haangalii ujumbe uliopita juu ya skrini. Programu ya rsync isipopewa herufi ya kuiambia ibebe viungo huviruka. Rsync -a huvibeba kama viungo, na rsync -L hufuata kila kiungo na kunakili kilichopo mwisho wake, kiasi kwamba Tabora inaweza kufika mara tatu, kwa jina lake, kwa Kazeh na kwa Unyanyembe. Tangu hapo nakala hizo tatu zitahaririwa kila moja kivyake. Kama lazima kutumia fleshi, ushauri wangu ni kubeba hazina ikiwa faili moja kwa git bundle create njia-kuu.bundle --all, kisha kuchota kutoka faili hilo kule ilikofika. Git haijali fleshi imefomatiwa vipi, maana viungo vimo ndani vikiwa maandishi na namba.

Zipo hitilafu ambazo si za kompyuta wala za fleshi. Ni Git yenyewe inayokataa, na ina haki. Ukitaka kuongeza picha kwa git add majina/kazeh/picha.jpg itakujibu kwamba njia hiyo iko ng'ambo ya simlinki. Kwa Git, kazeh ni kitu kidogo chenye baiti 15 na hakiwezi kuwa na picha ndani. Ongeza kupitia vituo/tabora. Vivyo hivyo katika .gitignore: ukiandika majina/kazeh/ kwa mkwaju mwishoni, sheria hiyo inahusu folda, na kiungo si folda, basi hakitapuuzwa. Ondoa mkwaju. Na tangu toleo la 2.32 la Juni 2021, Git haifuati tena viungo kwa mafaili ya .gitignore, .gitattributes na .mailmap, hivyo waliokuwa na faili moja la kanuni likielekezewa na folda kadhaa waliona kanuni zimekufa ghafla baada ya kusasisha.

Programu nyingine za kutunza matoleo zimelishughulikia jambo hili kila moja kwa njia yake. CVS haikuwahi kuhifadhi viungo. Subversion ilianza kuvihifadhi mwaka 2004 katika toleo la 1.1, ikikiweka kiungo kama faili lenye sifa ya svn:special. Mercurial hukitia alama katika orodha yake ya mafaili. Anayehamisha hazina kuukuu kutoka Subversion kuja Git na akakuta mafaili yanayoanza na neno link na njia baada yake, ajue uhamishaji haukuisoma ile sifa.

Suala la usalama halistahili kupuuzwa. Mei 2024 ilitangazwa kasoro iliyosajiliwa CVE-2024-32002, iliyowezesha hazina yenye nia mbaya kuendesha programu kwenye kompyuta ya anayechota, kwa kuchanganya viungo, hazina ndogo zilizomo ndani ya hazina, na diski zisizotofautisha herufi kubwa na ndogo. Toleo la 2.45.1 liliiziba. Machi 2021 ilikuwapo nyingine ya ukoo huo huo, CVE-2021-21300. Kwa hiyo unapomwambia mwenzako wa Windows awashe viungo, mwambie pia asasishe Git. Na usiweke Kazeh na kazeh katika folda moja: Linux itaviona viwili, Windows na kompyuta nyingi za Mac zitaona kimoja, na kimoja kitamfunika mwenzake.

Tuseme sasa yote hayo yamerekebishwa. Njia zinahesabiwa kutoka kwenye kiungo, Windows zote zimepangwa, hakuna mstari mpya uliojificha. Je, hazina inasema kweli?

Sidhani. Kiungo kinajua tamko moja tu: hiki ni kile. Kazeh ni Tabora. Lakini Kazeh ya Burton ilikuwa makazi ya wafanyabiashara Waarabu ya mwaka 1857, na jina hilo halikudumu. Unyanyembe ni mpana zaidi: ni nchi ya mtemi, ikiwa na Tabora na Kwihara ndani yake. Kuielekeza Unyanyembe kwenye folda ya tabora ni kuiacha nje Kwihara, ambako Stanley na Livingstone walikaa pamoja mwaka 1872 na ambako msafiri mwingine, Cameron, alipata habari za kifo cha Livingstone Oktoba 1873. Kiungo hakiwezi kuelekeza mahali pawili. Mtafiti atakayefungua unyanyembe akitafuta habari za Cameron atafikishwa kwenye folda isiyo yake, bila ujumbe wowote wa hitilafu. Hiyo ni mbaya kuliko kiungo kilichokufa, kwa kuwa kilichokufa angalau kinajitangaza.

Kesi ya mtemi Mirambo ni nzito zaidi. Makao yake yalikuwa Iselamagazi, kisha akahamia Ikonongo, na hadi anakufa Desemba 1884 wageni walikuwa wakiita makao ya Mirambo popote alipokuwa. Folda ya majina ikiwa na kiungo cha makao-ya-mirambo, kitaelekea wapi? Utasema tukibadilishe, Git itakumbuka. Ni kweli itakumbuka, lakini itakumbuka siku wewe ulipobadilisha kiungo. Haijui chochote kuhusu siku Mirambo alipohama, na aliyezisoma tarehe hizo mbili kama kitu kimoja ameshapotea.

Maarifa hayo yanahitaji mahali pa kuandika kipindi, mwandishi na kiwango cha uhakika. Faili moja la jedwali, majina.csv, linatosha: safu ya jina lilivyoandikwa, safu ya kituo, safu ya miaka, safu ya nani aliliandika. Kazeh linapata mstari wake ukiwa na Burton na 1857. Unyanyembe linapata mistari miwili, mmoja wa Tabora na mmoja wa Kwihara. Mpapua na Udjidji, ambayo ni tofauti za tahajia tu, yanaingia bila taabu. Jedwali hilo ni faili la kawaida, 100644, linasomeka kwa Windows, Linux, simu na fleshi ya FAT32, na git diff yake inamwonyesha kila mtu neno gani limebadilika. Kwa safu ya kituo, pa kuanzia papo: mwaka 2006 Tanzania ilipoiingiza njia hii kuu ya misafara katika orodha ya awali ya UNESCO ilitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Hizo ni folda sita za kuanzia, na ya saba ni Tabora mjini.

Viungo vibaki pale panapohusu mashine tu: programu inayodai faili likae mahali fulani, au toleo jipya la ramani linalohitaji jina la kudumu. Kwa majina ya watu na miji, viondolewe kwa utaratibu. Orodhesha kwanza vilivyopo kwa git ls-files -s ukichagua mistari inayoanza na 120000. Andika kila kimoja kwenye jedwali, na hapo ndipo utalazimika kujibu maswali ambayo kiungo kilikuwa kinayaficha: ni mwaka gani, ni kwa maandishi ya nani. Kisha git rm kwa kila kiungo kilichoandikwa, hifadhi, na umpe mwenye Windows achote hazina upya kwenye folda tupu kabla ya mtu mwingine yeyote kuendelea na kazi.